Somo la Kumi na Mbili: Breki za Gari na Pedi Zake

Katika somo lililopita ulijifunza kwamba msuguano ni kani inayozuia vitu viwili vilivyogusana visiteleze kwa urahisi. Ulivuta kipande cha ubao juu ya meza laini, kisha ukakivuta juu ya msasa, ukaona tofauti. Huenda ulipomaliza somo lile ulidhani kwamba msuguano ni adui wa binadamu, kwa kuwa humchosha afanyapo kazi, humchakazia viatu, na humlazimisha kutia mafuta katika mashine zake. Leo tutautazama msuguano kwa upande wa pili. Bila msuguano, gari likishaanza kwenda lisingeweza kusimamishwa.

Tuanze na baiskeli. Igeuze baiskeli kichwa chini, magurudumu yawe juu. Zungusha gurudumu la mbele kwa mkono, kisha minya breki polepole. Tazama kwa makini mahali breki inapokutana na gurudumu. Utaona vipande viwili vidogo vya mpira vinakandamiza ringi, na gurudumu linapunguza mwendo mpaka linasimama. Sasa zungusha gurudumu tena, na safari hii mwenzako aendelee kulizungusha huku wewe umeminya breki kidogo tu. Baada ya dakika moja acheni, kisha gusa vile vipande vya mpira. Je, vina joto? Joto hilo limetoka wapi?

Vijana wengine wenye baiskeli zisizo na breki husimama kwa kukandamiza soli ya kandambili juu ya tairi. Wanafanya jambo lile lile, ila kandambili huisha upesi, na mguu uko hatarini. Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba kitu kinachosuguliwa lazima kiishe. Watengenezaji wa magari walilijua hilo tangu mwanzo, wakaamua kwamba kiishe kitu kidogo, cha bei nafuu na rahisi kubadilishwa. Kitu hicho ndicho pedi ya breki.

Sehemu za breki ya diski

Nyuma ya gurudumu la mbele la gari kuna sahani nene ya chuma inayoitwa diski. Diski imefungwa pamoja na gurudumu, kwa hiyo gurudumu linapozunguka nayo huzunguka. Diski imekumbatiwa upande mmoja na kifaa kizito cha chuma kiitwacho kalipa. Kalipa haizunguki. Ndani yake mna pedi mbili, moja kila upande wa diski, na pistoni moja au zaidi za kuzisukuma. Kila pedi ni bamba la chuma lililogandishiwa tabaka la kitu kigumu kinachostahimili joto. Pedi mpya huwa na tabaka lenye unene wa milimeta 10 hivi.

Dereva akikanyaga pedali, pedi hizo hubana diski kwa pande zote mbili, kama vidole viwili vinavyobana sarafu. Umeona basi kwamba breki ya diski na breki ya baiskeli ni ndugu.

Si magari yote yenye diski katika magurudumu yote manne. Magari mengi yana diski mbele na breki za ngoma nyuma. Unaweza kueleza kwa nini breki za mbele ndizo hutengenezwa imara zaidi? Kumbuka yanayokupata ndani ya basi dereva anapofunga breki ghafla: unasukumwa mbele. Uzito wa gari lenyewe nao huelemea mbele vivyo hivyo, na magurudumu ya mbele ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kulisimamisha. Kwa sababu hiyo pedi za mbele huisha mapema.

Wazo hili si geni. Mwingereza Frederick Lanchester alilisajili wazo la breki ya diski mwaka 1902, lakini ilikaa miaka mingi bila kuenea. Mwaka 1953 gari la Jaguar lenye breki za diski lilishinda mbio za saa 24 za Le Mans nchini Ufaransa, na baada ya hapo viwanda vingi vya magari vilianza kuzitumia.

Mguu mmoja unawezaje kusimamisha gari?

Gari dogo lina uzito wa kilogramu 1,000 au zaidi. Dereva ana mguu mmoja tu juu ya pedali. Ili kuelewa jambo hili, fanya jaribio lifuatalo.

Utahitaji mabomba mawili mapya ya plastiki ya kupigia sindano, lakini sindano zake ziondolewe: moja la mililita 5 na jingine la mililita 20. Utahitaji pia kipande cha mpira mwembamba wa kuyaunganisha, na maji. Jaza maji katika bomba dogo na katika mpira, uhakikishe kwamba hakuna hewa hata kidogo. Unganisha mpira na bomba kubwa ambalo kisukumio chake kimebonyezwa mpaka mwisho. Sasa sukuma kisukumio cha bomba dogo. Kisukumio cha bomba kubwa kinafanya nini? Mwambie mwenzako ajaribu kukizuia kwa kidole gumba huku wewe unasukuma. Ataona kwamba wewe, unayesukuma bomba dogo, unamshinda kwa urahisi. Lakini pima pia umbali: bomba dogo likisukumwa sentimeta 3, bomba kubwa huenda karibu sentimeta 1 tu. Unapata nguvu zaidi, lakini unalipa kwa umbali.

Mtaalamu wa Kifaransa Blaise Pascal, aliyeishi kuanzia mwaka 1623 hadi 1662, alieleza kwamba kanieneo katika kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Breki za gari hutumia kanuni hiyo. Pedali husukuma pistoni ndogo, nayo husukuma mafuta ya breki katika mabomba membamba hadi kwenye pistoni kubwa za kalipa. Tuseme pistoni ndogo ina eneo la sentimeta za mraba 4, na pistoni ya kalipa ina eneo la sentimeta za mraba 20. Kani itakuwa imeongezeka mara tano.

Rudia jaribio, lakini sasa acha hewa kidogo iingie kati ya mabomba mawili. Sukuma. Unahisi nini kidoleni? Kisukumio kinabonyea kama mto wa sufi, na bomba kubwa huenda lisisogee kabisa mwanzoni. Hewa hujibana, maji na mafuta hayajibani. Shika sana jambo hili, kwa maana tutalihitaji hivi punde.

Mwendo hugeuka kuwa joto

Ulipogusa mpira wa breki ya baiskeli ulihisi joto. Nishati ya mwendo haikupotea, iligeuka. Gari la kilogramu 1,000 linalokwenda kilometa 72 kwa saa, yaani meta 20 kwa kila sekunde, lina nishati ya mwendo ya jouli 200,000. Dereva akifunga breki mpaka gari lisimame, karibu nishati yote hiyo hugeuka kuwa joto katika diski na pedi. Joto hilo lingetosha kuchemsha maji zaidi ya nusu lita. Gari hilo hilo likienda nusu ya mwendo huo, joto litakuwa robo tu. Ndiyo maana dereva anayepunguza mwendo kidogo anazipunguzia breki zake kazi kubwa.

Sasa tufikirie mteremko. Katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya, kabla ya kufika Iringa, uko mlima wa Kitonga. Barabara hujipinda ubavuni mwa mlima, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde. Malori yenye shehena nzito hupanda na kushuka hapo usiku na mchana. Lori lenye uzito wa tani 30, kila linaposhuka kimo cha meta 100, nishati yake ya kuwa juu lazima iende mahali. Kama dereva anategemea breki peke yake, nishati hiyo yote huwa joto, nalo lingetosha kuchemsha takriban madebe matano ya maji. Fikiria joto la madebe matano ya maji ya moto likiingia katika vipande vya chuma vilivyofichwa nyuma ya magurudumu, kisha meta 100 nyingine, na nyingine tena.

Breki zikipata joto kupita kiasi, mambo mawili yanaweza kutokea. Kwanza, zile sehemu zinazosuguana hupoteza uwezo wa kushika, dereva akakanyaga kwa nguvu na gari lisipungue mwendo ipasavyo. La pili huhusu magari madogo na mengineyo yenye breki za mafuta. Mafuta ya breki hayachemki upesi. Yakiwa mapya huhitaji joto la sentigredi 200 na zaidi. Lakini mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, na kadiri yanavyokaa katika gari ndivyo yanavyochemka mapema. Yakichemka hutoa mvuke. Mvuke ni kama hewa ile ya bomba lako: hujibana. Pedali huzama mpaka sakafuni, na gari haliwezi kusimama.

Dereva mzoefu akifika juu ya mlima kama huo huchukua gia ya namba ndogo kabla ya kuanza kushuka, si katikati ya mteremko. Injini ndiyo huzuia gari, na breki hutumiwa kidogo tu panapohitajika. Pedi nzima husaidia pia. Pedi iliyokwisha ni nyembamba, na joto hupenya kwa urahisi mpaka kwenye pistoni na mafuta.

Tutajuaje kwamba pedi zimekwisha?

Mafundi wengi hubadilisha pedi tabaka linapobaki na unene wa milimeta 3 hivi. Pedi nyingi zina kiulimi chembamba cha chuma ambacho hugusa diski tabaka linapokaribia kwisha, kikatoa mlio mkali wa kuudhi. Kimewekwa makusudi ili kiudhi. Dereva anayefungulia redio asiusikie mlio huo atasikia baadaye sauti nyingine, ya chuma kukwaruza chuma, na hapo diski nayo huharibika.

Dalili nyingine iko katika kikopo cha mafuta ya breki. Pedi zinapopungua, pistoni husogea nje na mafuta hushuka kwenda kujaza nafasi iliyoachwa. Mtu akiona mafuta yamepungua akaongeza tu bila kuchungulia pedi, ameificha dalili. Mafuta hayo yanaweza pia kuwa yanavuja, na hilo ni baya zaidi.

Kazi ya fundi

Mwalimu wako akiweza, atawapeleka gereji mkaone pedi zikibadilishwa. Simama mbali na gari lililoinuliwa, uangalie na kuuliza maswali. Usijaribu kuifanya kazi hii wewe mwenyewe. Inahitaji mtu mzima aliyefundishwa.

Fundi husimamisha gari mahali tambarare penye ardhi ngumu, huvuta breki ya mkono, na huweka mawe au magogo nyuma na mbele ya magurudumu yatakayobaki chini. Huacha breki zipoe. Kisha hulegeza nati za gurudumu kidogo kabla ya kuinua gari. Kwa nini asiinue kwanza? Gurudumu likiwa hewani hakuna msuguano kati yake na ardhi, kwa hiyo spana ikizungushwa, gurudumu nalo huweza kuzunguka badala ya nati. Baada ya kuinua kwa jeki huweka stendi imara chini ya gari, kwani jeki peke yake yaweza kuteleza au kushuka. Mafundi wengine hulaza pia gurudumu lililotolewa chini ya ubavu wa gari.

Gurudumu likishatoka, diski na kalipa huonekana wazi. Katika magari mengi fundi hufungua bolti ya chini ya kalipa na kuiinua kama mfuniko wa sanduku. Akiiondoa kabisa, huifunga kwa waya mahali pa juu. Haiachi ining'inie kwa bomba lake la mpira, maana bomba hilo likipasuka ndani hakuna atakayejua mpaka siku ya ajali. Huchomoa pedi kuukuu na kuzilinganisha. Kama moja imekwisha na mwenzake bado ni nene, kuna kitu kimekwama katika kalipa, na kubadilisha pedi tu hakutaponya ugonjwa huo. Hutazama pia kama diski ina mifereji au nyufa, na hupima unene wake.

Vumbi jeusi lililojaa hapo halipulizwi kwa mdomo wala kwa pampu. Kwa miaka mingi pedi zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake likiingia mapafuni huweza kuleta maradhi mabaya, hata saratani, baada ya miaka mingi. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikamilisha kupiga marufuku karibu matumizi yote ya asbesto mwaka 2005, na pedi nyingi siku hizi hutengenezwa kwa nyuzi nyingine, unga wa madini na gundi ngumu. Hata hivyo hakuna vumbi la breki linalofaa kuvutwa. Fundi mwangalifu hulifuta kwa kitambaa kibichi.

Pedi mpya ni nene, haziwezi kuingia mpaka pistoni irudishwe ndani. Fundi huisukuma polepole kwa kifaa cha kubania, huku akichungulia kikopo cha mafuta, kwa kuwa mafuta hurudi juu na huweza kufurika. Mafuta ya breki yakimwagika juu ya rangi ya gari huiharibu. Katika baadhi ya magari yenye diski nyuma, pistoni za nyuma hurudishwa kwa kuzungushwa, si kwa kusukumwa tu. Kisha pedi mpya huwekwa, nyuso zake zikiwa safi kabisa. Tone moja la grisi juu ya uso wa pedi hufanya kazi ile uliyoiona ulipopaka sabuni viganjani: huondoa msuguano, nasi hapa msuguano ndio tunaoutaka.

Kalipa hufungwa, gurudumu hurudishwa, na nati hukazwa kwa kuruka kutoka upande hadi upande wa pili ili gurudumu likae sawa. Halafu gurudumu la upande wa pili nalo hufanyiwa vivyo hivyo. Pedi hubadilishwa kwa jozi kushoto na kulia, hata kama za upande mmoja zingeweza kusubiri. Upande mmoja ukishika kuliko mwingine, gari huvuta pembeni dereva anapofunga breki.

Kabla ya kuwasha injini

Kazi inaonekana imekwisha, lakini jambo kubwa kuliko yote bado. Pistoni zilisukumwa ndani kabisa. Sasa ziko mbali na pedi. Tufanye hesabu. Tuseme kila pistoni, yenye eneo la sentimeta za mraba 20, inahitaji kusogea sentimeta 1 ndipo pedi ziguse diski. Gurudumu moja litahitaji sentimeta za ujazo 20 za mafuta, na magurudumu mawili 40. Pistoni ndogo ya kwenye pedali, yenye eneo la sentimeta za mraba 4, ikisogea sentimeta 2.5, hupeleka sentimeta za ujazo 10 tu. Kwa hiyo dereva atakanyaga mara ya kwanza, ya pili na ya tatu pasipo breki yoyote kushika. Ni mara ya nne ndipo pedi zitabana diski.

Gari likiondoka gereji kabla ya pedali kukanyagwa hivyo, dereva atazigundua zile mara tatu barabarani, mbele ya lori au mbele ya watoto wanaovuka kwenda shule. Fundi mzuri hukanyaga pedali taratibu, gari likiwa limesimama, mpaka aihisi ngumu chini ya mguu. Hutazama tena mafuta katika kikopo. Ndipo huliendesha gari polepole mahali pasipo watu na kujaribu breki mara kadhaa kwa upole, ili nyuso za pedi mpya na diski zizoeane.

Maswali

1. Kwa nini tabaka la pedi hutengenezwa liishe kabla ya diski?

2. Juma alisema, "Breki za gari letu ni nzuri, ila pedali inabonyea kama mto." Ungemshauri nini, na kwa sababu gani? Tumia jaribio la mabomba mawili katika jibu lako.

3. Gari moja linakwenda kilometa 40 kwa saa na jingine la uzito ule ule kilometa 80 kwa saa. Yote mawili yanasimamishwa. Breki za gari la pili zitapata joto mara ngapi zaidi ya zile za gari la kwanza?

4. Rudia hesabu ya pedali, lakini safari hii kila pistoni inahitaji kusogea milimeta 5 tu. Dereva atakanyaga mara ngapi?

5. Chunguza breki za baiskeli tatu kijijini au mtaani kwenu. Pima unene wa mpira wa kila breki kwa rula, uandike katika jedwali, kisha mweleze mwenye baiskeli ulichokiona.